Kitita cha Haipa

Jopo la Istilahi halisomi karatasi, linachomoa maneno. Ndivyo lilivyofanya kazi tangu siku lilipoundwa, na hakuna mjumbe aliyewahi kuona ubaya wake. Hospitali ikileta maandishi ya kutafsiriwa, mpiga chapa wa Taasisi yetu ya lugha huyapitia kwa kalamu nyekundu, akachomoa maneno mazito ya kidaktari na kuliandikia kila neno kadi yake. Maneno yenye kichwa kimoja hukusanywa pamoja, ya nefro, yaani figo, huku, ya hemo, yaani damu, kule, ya haipa, yaani kupita kiasi, pale, na kila kitita hufungwa kwa mpira na kuwekwa juu ya meza ndefu. Wajumbe wakikubaliana kichwa kile kiitweje kwa lugha yetu, kitita kizima hupita kwa mpigo mmoja. Wasipokubaliana, hakuna neno linalotoka chumbani. Tena ni lazima wakubaliane wote. Mkono mmoja ukibaki mezani, mpira haufunguliwi.

Sentensi zinazobaki, zile nyepesi za kunywa hiki na kuacha kile, hurudishwa kabatini zingoje. Mwenyekiti aliziita makapi.

Karatasi iliyoletwa safari hii ilitoka wodi ya figo. Ilikuwa ya ukurasa mmoja tu, mwongozo kwa mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine kisha akarudi nyumbani kungoja zamu nyingine. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha waliyosomea madaktari. Masista walimpa kila mgonjwa nakala yake, naye aliikunja na kuitia mfukoni kama risiti ya duka. Kuwagawia tafsiri isiyo na muhuri wa Taasisi kulikuwa marufuku. Zamani mtu alitafsiri vipimo vya dawa kwa kukisia, pakatokea balaa, na mkuu wa hospitali akaapa kwamba halitatokea tena.

Katikati ya ukurasa ule palikuwa na maneno haya: usitumie chumvi za kopo zinazouzwa badala ya chumvi ya kawaida, zina potasiamu nyingi, na figo zako haziwezi kuitoa, potasiamu ikizidi kwenye damu (haipakalemia) moyo unaweza kusimama.

Kalamu nyekundu ilipofika hapo ilisimama kwenye neno moja lililowekwa kwenye mabano, haipakalemia, ikalizungushia duara, ikaendelea na safari. Neno likaingia kwenye kadi. Kadi ikaingia kwenye kitita cha haipa, juu yake haipatensheni, shinikizo la damu kupanda, ambayo madaktari huifupisha HTN wakiwa na haraka, na chini yake haipaglaisemia, sukari kuzidi kwenye damu. Chumvi ya kopo ikabaki kabatini.

Katika jopo zima, aliyekishika kitita kile kwa moyo wote alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele ya shule. Wenzake walimwita Mama Kamusi, yeye akalipenda jina. Mpinzani wake alikuwa daktari mpasuaji mstaafu, mpole wa sura na mgumu wa roho, aliyeitwa Mzee Mkasi tangu enzi za kazi yake.

"Haipa ni zidi," alisema Mzee Mkasi siku kitita kilipofika mezani. "Neno fupi, kila mtu analijua. Zidishinikizo. Zidisukari. Zidipotasiamu. Tumemaliza, twendeni nyumbani."

"Zidishinikizo!" Mama Kamusi akacheka bila kufurahi. "Hiyo ni istilahi au dawa ya panya? Mzee wangu, neno halibandikwi mbele ya neno kama stempu kwenye bahasha. Sema ukithiri. Ukithiri wa shinikizo, ukithiri wa sukari, ukithiri wa potasiamu. Hapo lugha inatembea kwa miguu yake."

"Inatembea au inachechemea? Mgonjwa umwambie ana ukithiri, atadhani umemsifu."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mama Kamusi hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, na wote waliomfahamu wakajua kwamba kitita hakitafunguliwa wiki hiyo.

Mgonjwa mmoja wa wodi ile hakuwa mbali na Mama Kamusi. Kaka yake wa tumbo moja alikuwa miongoni mwa wanaolazwa kitandani kando ya mashine ile, bomba moja likitoa damu na jingine likiirudisha. Alikuwa mwalimu wa udereva, na nusu ya madereva wa mji ule waliwahi kutukanwa naye kwa upole wakiwa usukani. Figo zilipomgomea alisema zimekula breki. Mkewe alikuwa msusi. Alifanyia kazi sebuleni mbele ya kioo kikubwa kilichoegemezwa ukutani, na nyumba nzima ilinukia mafuta ya nywele.

Mama Kamusi alipowatembelea Jumapili alimkuta kaka yake amenuna mbele ya sahani ya maharage.

"Afadhali umekuja, Profesa," akasema. Hakuwa profesa, lakini kaka yake alimwita hivyo tangu alipofaulu darasa la kwanza. "Mwambie wifi yako mimi sijafungwa jela. Maharage haya nikiyalisha ukuta, ukuta utayatema."

"Usimsikilize," wifi yake akasema akimalizia kufagia nywele sakafuni. "Sista alisema nipunguze chumvi, nimepunguza. Sasa ananuna kama nimemuuzia gari lake."

"Hujapunguza. Umeifukuza na nguo zake."

Wakacheka wote watatu. Kisha wifi mtu akajipangusa mikono, akaingiza vidole nyuma ya kioo na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa ile ile ya wodi ya figo.

"Wifi, nisomee hii. Nimewauliza wateja wangu, kila mmoja anaguna tu. Nisomee hata harakaharaka, nijue nampikia nini."

Mama Kamusi akavaa miwani. Na hapa ndipo ugonjwa wa kazi yake ulipomshika. Jicho lake lilikuwa limezoea kuruka makapi. Liliruka maji, likaruka matunda, likaruka chumvi za kopo, likaenda kutua juu ya haipakalemia kama mtu anayemwona adui yake kwenye picha ya harusi.

"Zidipotasiamu," akasema kwa kinyaa.

"Nini?"

"Kuna mzee mmoja kule kazini anataka neno hili liitwe zidipotasiamu. Hebu sikia linavyokwaruza."

"Haya, limekwaruza. Lenyewe ni nini?"

"Madini fulani yanazidi kwenye damu. Ni hatari." Akaikunja karatasi na kumrudishia. "Wifi, siwezi kukusomea hii kienyeji. Mambo ya dawa hayasomwi kwa kubahatisha, mtu akikosea neno ameua. Ngoja yenye muhuri. Iko mezani kwangu, wiki hii inatoka."

"Nisomee hivyohivyo tu. Sitakusahihisha."

"Nimesema wiki hii."

"Mwache Profesa," kaka yake akaingilia. "Gari likiwa gereji hulivuti kabla fundi hajamaliza."

Mkewe akaipokea karatasi, akaigeuza upande wa pili ambao haukuwa na kitu, akairudisha nyuma ya kioo.

Mama Kamusi hakupenda kuondoka mikono mitupu. Akawaambia kwamba wakati wakingoja washike jambo moja tu: adui mkubwa ni sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi. Katika hilo hakukosea. Siku chache baadaye alikuwa kwenye duka kubwa, akaona kopo jeupe limeandikwa chumvi isiyo na sodiamu. Akalichukua, akaligeuza, akasoma yaliyomo. Kloridi ya potasiamu. Alisoma kwa makini, midomo ikicheza, na kitu pekee alichokiona ni kwamba maneno yale yalikuwa yamepangwa vizuri. Hakuna aliyebandika hiki mbele ya kile kama stempu. Angalau kuna watu wanajua kuandika, akajisemea, na akatamani kumwonyesha Mzee Mkasi.

Jina la madini yale alikuwa amelitaja asubuhi nzima mbele ya jopo. Alilijua lilikozaliwa, alijua lilivyoingia kwenye lugha na herufi zipi limezitupa njiani. Hakuwahi kujiuliza linakaa kwenye kopo gani.

"Una uhakika, wifi?" msusi aliuliza alipokabidhiwa kopo.

"Haina sodiamu hata chembe. Imeandikwa hapo."

Kaka mtu alinyunyiza, akaonja, akafumba macho. "Gari limewaka!" akapiga kelele, akalibusu kopo lile mbele ya mkewe, akamwambia dada yake kwamba akifa sasa atakufa ameshiba. Likawekwa kando ya jiko, karibu na mkono.

Wiki ile karatasi haikutoka, wala iliyofuata. Wodi ya figo ikapiga simu, ikapiga tena. Kila kitita kingine kilikuwa kimepita: nefro ilikwenda bila ugomvi, hemo ilikwenda kwa vicheko. Haipa ilikaa mezani na mpira wake, na kila kikao Mzee Mkasi alisema zidi, Mama Kamusi akasema ukithiri, na wajumbe waliobaki wakainamia biskuti zao.

Mwenyekiti akamvuta Mama Kamusi pembeni kwenye ukumbi. "Mama, mwachie mzee hiki kimoja. Ni karatasi ya wagonjwa, na wewe mwenyewe una mtu kule."

"Ndiyo maana sitaki apewe takataka."

"Watu wanangoja."

"Na lugha nayo inangoja. Nikimwachia haipa leo, kesho atabeba kitita cha hipo, keshokutwa atabeba kamusi nzima. Miaka yote nimewafundisha watoto wa watu kusema vizuri, leo nije nipige muhuri kwenye zidisukari? Haki ya Mungu, mkono wangu haupandi."

Alisema kwa fahari, na kwa muda wote aliokuwa akisema aliamini kwamba anampigania kaka yake. Simu ya wifi yake, aliyekuwa akiulizia karatasi, ilikuwa imeita asubuhi ile. Alikuwa ameijibu kwa maneno mawili: bado kidogo.

Ikaita tena kikao kilipokuwa kimepamba moto, naye akaikata. Ikaita tena. Mzee Mkasi akanyamaza katikati ya sentensi, akamwambia kwa adabu, "Pokea, mama. Sisi tupo."

Wifi yake hakulia. Alisema tu kwamba mwenzake ameamka miguu haina nguvu, amejaribu kusimama akakaa chini, anasema moyo wake unaruka gia. Wako wodini.

Alipofika, kaka yake alikuwa ameshaunganishwa nyaya kifuani, na daktari wa zamu alikuwa akitazama mistari ya moyo na uso wa mtu asiyependa anachokiona. Sista mmoja alikuwa akimchoma sindano, mwingine akiandaa mashine.

"Profesa," kaka yake akasema kwa sauti ndogo. "Leo mwanafunzi kapanda ukingo wa barabara."

"Nyamaza, kaka, pumzika."

"Potasiamu iko juu sana," daktari alikuwa akimwambia wifi yake. "Juu mno. Siku hizi anakula nini? Ndizi nyingi? Juisi?"

"Hali ndizi. Anakula ninachompikia, na chumvi hata siweki. Natia ile ya kopo tu, ya wagonjwa."

Daktari akainua kichwa. "Ya kopo ipi?"

Wifi yake akaeleza. Alieleza rangi yake, na ilivyoandikwa. Daktari akafumba macho kidogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Nani aliyewapa hiyo?"

Wifi yake hakumnyooshea mtu kidole. Alimtazama tu Mama Kamusi, na daktari akafuata macho yake.

"Ni wifi yangu," msusi akasema. "Yeye ndiye anayewaandikia ninyi ile karatasi."

Pengine daktari hakuelewa, pengine alielewa akaona haya. Alirudi kwa mgonjwa wake, na nyuma yake ukutani Mama Kamusi akaiona karatasi yenyewe, imebandikwa kwa gundi juu ya beseni la kunawia. Ndipo alipoisoma kwa mara ya kwanza tangu mwanzo, mstari kwa mstari, bila kuruka. Alisoma habari za maji. Alisoma habari za matunda. Alifika katikati ya ukurasa, akasoma, akarudia kusoma. Maneno yalikuwa mepesi. Angeweza kumwambia wifi yake yote ile Jumapili, amesimama, mkoba ukiwa begani, kabla maharage hayajapoa.

"Nilikuomba unisomee," wifi yake akasema nyuma yake. Hakupaza sauti. "Nilikuomba, wifi."

Mashine ikawashwa, damu ikaanza kuzunguka ndani ya mabomba, lakini moyo haukuisubiri. Ulisimama mara ya kwanza wakauamsha. Uliposimama tena haukuamka, na daktari wa zamu akauondoa mkono wake kifuani mwa mwalimu wa udereva taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

Msibani hakuna aliyemsema. Wifi yake alimpa kiti, akamletea maji, akawatambulisha wageni, "Huyu ni dada yake, wanafuatana." Kisha akaenda kukaa upande wa pili wa chumba, na kila Mama Kamusi aliposogea, yeye alipata kazi ya kufanya jikoni. Kopo halikuwepo tena kando ya jiko. Kioo kilikuwa kimefunikwa kwa shuka, na hakuna mteja aliyekuja.

Aliporudi Taasisi wajumbe walisimama wote. Mwenyekiti alisema maneno ya pole, kisha Mzee Mkasi akaomba nafasi.

"Mwenyekiti, naondoa pingamizi langu. Kwa heshima ya marehemu, haipa na iwe ukithiri." Alikuwa na machozi machoni, tena ya kweli. Mama Kamusi angepata nafuu kama yangekuwa ya uongo.

Mikono ikapanda kuzunguka meza. Wa kwake haukupanda.

"Silitaki," akasema. "Iwe zidi."

Mikono ikashuka nusu, ikasita hewani.

"Haiwezekani, mama," Mzee Mkasi akasema kwa upole. "Nimeshaliachia."

"Nami nakurudishia."

"Sipokei. Nitaonekana mtu wa namna gani, nimnyang'anye mfiwa neno lake?"

Mjumbe mmoja akasema ni kweli, haipendezi. Mwingine akasema kwamba kwa kuwa kila upande umeachia, kikanuni hakuna pendekezo mezani. Wa tatu akauliza kama hii si nafasi ya kutafuta neno jipya kabisa, litakalowaunganisha, akafungua kamusi na kulowesha kidole. Mama Kamusi alisema zidi tena, kwa sauti zaidi, na Mzee Mkasi akatikisa kichwa tena, kwa huzuni zaidi. Hakuwahi kuwa mgumu hivi alipokuwa akilipigania neno lake mwenyewe.

Mwenyekiti akatazama saa. "Naona jambo lenyewe limekuwa zito. Nashauri tuliahirishe hadi wiki ijayo, nyoyo zitulie."

Wajumbe wakaanza kukusanya kalamu. Kitita kilikuwa katikati ya meza, mpira umekibana, kadi ya juu imeanza kujikunja pembe. Mama Kamusi akawaza benchi la wodi ya figo, na waliokaa pale asubuhi hii, karatasi mifukoni. Akawaza wake zao na waume zao madukani, wamesimama mbele ya rafu, wanasoma maandishi mazuri kwenye kopo jeupe.

Akaunyoosha mkono juu.

"Ukithiri," akasema. "Nimekubali. Ukithiri, ukithiri, ukithiri! Fungueni huo mpira!"

Mikono yote ikapanda. Kisha ikapiga makofi, maana ndivyo jopo linavyofanya kitita kigumu kinapopita, na mjumbe aliyekuwa karibu naye, kwa mazoea tu, akamwinamia sikioni na kumwambia hongera.

Mzee Mkasi akazunguka meza nzima ili ampe mkono, akaushika wake kwa mikono yote miwili, akawa anautikisa na kumwambia kwamba lugha imepata, kwamba marehemu angejivunia. Mama Kamusi akamwachia autikise. Juu ya bega la mzee alimwona mpiga chapa akifungua kabati, akatoa faili la makapi, akakaa kwenye mashine yake pembeni ya dirisha. Vidole vikaanza kupiga. Vilipiga bila kusimama na bila kumuuliza mtu yeyote kitu, na wajumbe walikuwa bado wanapeana mikono mpiga chapa alipoichomoa karatasi, akaipuliza, na kuuliza muhuri uko wapi.